Nyayo kwenye Unga wa Siku ya Saba

Tarehe kumi na sita Julai mwaka 2018, Saodah binti Marzuki, mwanamke wa miaka sitini na miwili ambaye hata barabara havuki mpaka taa iruhusu, alipokea barua iliyomwita mkosaji. Barua ilikuwa na nembo, namba ya kumbukumbu na aya tatu ambazo hakuna mtu aliyezitia jina lake. Ilimtaarifu kwamba alikuwa akifuga paka ndani ya nyumba ya serikali kinyume cha kanuni, kwamba alitakiwa kumwondoa mnyama huyo ndani ya siku kumi na nne, na kwamba siku ya kumi na nne afisa angefika kuhakikisha. Haikuuliza paka huyo alifikaje pale. Haikuuliza kama ana mimba.

Mimi ni jirani yake, mlango wa pili kutoka kwake, ghorofa ya tisa, huku Bedok, mtaa mmoja wa Singapore. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za mahakama, kwa hiyo nimesoma barua nyingi za aina ile, na bado ile ilinikera kwa namna ya pekee. Katika majengo yetu mbwa wadogo waliruhusiwa. Paka walikatazwa, kwa hoja kwamba hunyonyoka manyoya, hulia na huzurura. Wakati huohuo hakuna jengo katika Singapore nzima lisilokuwa na paka wake pale chini, anayejulikana kwa sura na kulishwa na watu ambao wakiulizwa hukana. Sheria ilitutaka tuwapende kwa siri, na wengi wetu tulikuwa tumeizoea aibu hiyo mpaka hatukuiona tena.

Lazima niseme Saodah ni nani, maana barua haikusema.

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, kusiko na dirisha. Mashuka ya wodi ya wazazi yalipita mikononi mwake. Aliyapokea yakiwa na kila kitu ambacho uzazi huacha nyuma, akayarudisha juu yakiwa meupe, yamenyooka, yangali na joto la pasi. Angeweza kulitazama shuka akakwambia kama mama aliteseka sana au kidogo. Lakini kuona kwa macho yake kiumbe akizaliwa, hapana. Watu wa kufua hawakuruhusiwa kupanda huko. Yeye na mumewe Kassim, dereva wa basi, hawakujaliwa mtoto, na Kassim alifariki mwaka 2011. Siku aliyostaafu alipita kwangu akiwa ameikumbatia saa ya ukutani aliyozawadiwa.

“Iza,” aliniambia, “nimefua uzazi wa nusu ya mji huu. Ningependa siku moja nione hicho kilichokuwa kinanichafulia mashuka.”

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Na kabla sijasahau: mama yangu alipolala kitandani miezi saba ya mwisho wa maisha yake, Saodah alikuja kila asubuhi kuchukua matandiko yetu bila kuombwa, na jioni akayarudisha. Nilipojaribu kumshukuru, alinishukuru yeye. Pasi yake, alisema, ilikuwa imeanza kuota kutu kwa kukosa kazi.

Paka alikuja kwake kwa sababu ya msiba. Tarehe kumi Julai alifariki mzee Quek Hock Seng, jirani yetu wa mlango ulioelekeana na wa Saodah, na jeneza lake likawekwa katika uwazi wa chini ya jengo kwa siku tano, kama Wachina wenzake wafanyavyo: turubai, meza za duara, karanga, chai, na watu wa kulilinda. Shida ilikuwa paka mmoja wa kijivu, mwenye mkia uliopinda nchani kama ndoana, aliyekuwa akilizunguka jeneza tangu lilipofika. Paka akiruka juu ya maiti, maiti huinuka. Wachina husema hivyo, na sisi Wamalay tunasema hivyohivyo, na hata mimi na shahada yangu nisingependa kuwa karibu siku ya kuthibitisha.

Mtoto wa marehemu, Boon Teck, mtu mzima wa miaka hamsini mwenye kipande cha gunia begani, alama ya mfiwa, alikuwa akimfukuza kwa ufagio mimi na Saodah tulipotoka kwenye lifti.

“Bi Saodah, nisaidieni jamani. Namfukuza huku, anatokea kule. Nikimgusa na ufagio mama analia, nikimwacha mama analia.”

“Baba’ko alikuwa mtu mpole,” Saodah akamwambia. “Hata akiinuka ataomba chai tu, arudi kulala.”

“Bi Saodah!”

“Haya, haya. Nipe mimi. Nitamweka ndani mpaka mmalize.”

Akapanda kuleta kapu lake la kufulia. Paka aliingia bila ubishi, kana kwamba ameitiwa teksi.

“Dada,” nikamnong’oneza ndani ya lifti, “unajua kanuni.”

“Siku tano tu, Iza. Hata mgeni hukaa siku tano.”

Siku ya nne tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, Daktari Prema, kwa sababu Saodah aliona tumbo la paka linacheza lenyewe. Daktari alilipapasa, akapitisha mashine, akatuonyesha kwenye kioo vivuli vinne vilivyojikunja.

“Wanne,” alisema. “Wiki mbili na nusu, pengine pungufu. Amenona vizuri. Nani anamlisha?”

Saodah hakumjua mtu wa kumtaja. “Mimi nilidhani ni samaki tu wamemjaa,” alisema, akaweka viganja vyote viwili juu ya kapu. “Wanne. Alhamdulillahi. Daktari, wanazaaje hawa? Mtu anatakiwa aandae nini?”

Nilipoliona jicho lake nilijua kwamba zile siku tano zimekwisha kufutwa.

Maandalizi yake yalikuwa ya mtu wa chumba cha kufulia. Alipata boksi la televisheni, akalikata mlango wenye kizingiti cha kiasi: kifupi kwa mama mwenye tumbo, kirefu kwa watoto wenye utundu. Akatandika magazeti, juu ya magazeti mashuka manne makuukuu. Mashuka hayo aliyaloweka, akayafua kwa sabuni na dawa, akayasuuza mara tatu, akayaanika nje ya dirisha kwenye mianzi, akayapiga pasi mpaka yakawa na makali ya karatasi. Hata magazeti aliyapiga pasi. Nilipouliza kwa nini, alinitazama kwa huruma.

“Gazeti limeshikwa na nani na nani huko lilikotoka? Joto linaua vyote.”

Paka, ambaye Saodah alimwita Manis, aliingia ndani ya boksi, akanusa pembe zote nne, akatoka. Akaenda kulala bafuni juu ya kitambaa cha kudeki. Saodah akayafua mashuka upya, akidhani hayakutakata. Paka akanusa, akatoka. Mara ya tatu Saodah alikaribia kulia. Akampigia simu daktari, na mimi nikasikia jibu, kwa sababu huweka sauti ya simu juu.

“Mama, unafua sana. Paka hazai pahali pasipo na harufu. Anataka harufu anayoijua, ndipo aamini kwamba hapo ni kwake. Tafadhali usifue tena.”

Katika miaka sitini na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alirudia maneno yale peke yake, usifue tena, kama mtu aliyeambiwa apumue kwa masikio. Kisha akavua khanga aliyoshinda nayo jikoni, akaiweka ndani ya boksi bila kuikunja, na kuondoka haraka asije akabadili mawazo. Manis aliikubali kwa shingo upande. Alilala juu yake saa moja hivi, halafu akaenda kukaa kwenye geti, akiutazama mlango wa marehemu Quek, akilia kwa sauti ya chini.

Siku hiyo ndiyo ile barua ilipofika.

Nilikaa mezani kwangu jioni nikaandika majibu ya kurasa nne. Nilinukuu, nilihoji, niliuliza ni mantiki gani inayomtupa mama mja mzito ngazini kwa jina la usafi. Saodah aliisoma yote polepole, miwani puani.

“Nzuri sana. Kali. Lakini hukuwashukuru.”

“Kuwashukuru kwa lipi?”

“Wametupa siku kumi na nne. Wangeweza kutupa saba. Mwanzoni hapo weka asante.”

“Dada Saodah, wamekuita mkosaji!”

“Na ni kweli nina paka. Weka asante, Iza. Barua isiyo na salamu haisomwi mpaka mwisho.”

Niliweka asante. Majibu yalikuja baada ya siku tatu, mstari mmoja: barua yako imepokewa. Tarehe ya afisa haikubadilika, na kwa hesabu ya Daktari Prema ilikuwa inaangukia siku zilezile za kuzaa. Kama Manis angezaa kabla yake, angetolewa na vichanga visivyofumbua macho. Kama angechelewa, angezalia chini ya ngazi, na watu waliolipwa kusafisha majengo wangewakuta asubuhi. Saodah alikwisha kumwuliza kila aliyemjua kama yuko mtu mwenye nyumba isiyo ya serikali, ambako paka hawakukatazwa. Hakupatikana hata mmoja.

Jioni ileile ya barua, ng’ambo ya korido, familia ya Quek ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya saba. Siku hiyo marehemu hurudi kuiaga nyumba. Walimpikia alichokipenda, wakauacha mlango wa mbao wazi nyuma ya geti, wakanyunyiza unga sakafuni, kisha wakajifungia vyumbani hadi kuche, maana akiwaona wake atashindwa kuondoka. Asubuhi hutazama kama unga una nyayo.

Saodah aliamka kwa sala ya alfajiri akakuta wavu aliokuwa ameufunga kwenye geti lake umechanwa kona ya chini. Manis alikuwa ndani ya boksi, anajilamba. Miguu yake yote minne ilikuwa myeupe.

Alinigongea kabla sijanywa chai. Tulikuwa bado tumesimama koridoni, yeye amemkumbatia paka, tuliposikia sauti ya mjane, Siew Geok, kutoka nyuma ya geti lake.

“Boon Teck! Boon Teck, amka uone! Baba’ko amekuja!”

Katika sauti ile kulikuwa na furaha ambayo hatukuisikia tangu msiba uanze. Nikamshika Saodah mkono.

“Dada, nyamaza,” nilisema. “Mwache na furaha yake. Ukisema, utakuwa umejipeleka mwenyewe kwa watu waliokushitaki.” Maana nilikuwa na hakika kabisa kwamba aliyepeleka malalamiko ni Boon Teck. Nani mwingine alijua?

Saodah alimtazama paka, akatazama mlango.

“Mtu aliyefiwa hadanganywi, Iza. Hata kwa kunyamaziwa.”

Akavuka korido.

Siew Geok, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miaka sabini na minne, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya unga, mikono magotini, kama mtu anayesoma. Nyayo zilianzia getini, zikapita kati ya meza na kabati bila kupapasa, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha henzirani cha marehemu. Hapo unga ulikuwa umevurugika, halafu zikarudi.

“Saodah, umeona?” alisema. “Miguu minne. Alipokuwa hai alikuwa nayo miwili, na mmoja una jongo.”

“Mama Boon Teck, nisamehe.” Saodah alipiga magoti akiwa na paka kifuani. “Ni huyu. Alinitoroka usiku. Tazama miguu yake. Nisamehe sana.”

Siew Geok hakuitazama miguu ya paka.

“Wewe unadhani mimi siujui mguu wa paka? Kwa umri huu?”

“Sasa mbona umesema mzee amekuja?”

“Nimesema amekuja. Nilisema amekuja kwa miguu yake?”

Kisha akatusimulia, na alikuwa akicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja. Kwa miaka minne, kila jioni, mzee Quek alishuka na mfuko wa plastiki akisema anakwenda kunyoosha goti. Alirudi bila mfuko. “Nikasema, basi, mume wangu ana mwanamke. Mzee wa miaka sabini na tano! Nikamfuata. Nikamkuta nyuma ya ngazi amechutama na kichwa cha samaki, anazungumza. Na mimi hajawahi kunizungumzisha vile hata tulipokuwa wachumba. Ah Mui, Ah Mui, kula mdogo wangu. Nikapanda zangu. Sikumwambia kwamba najua mpaka amekufa.”

Aliposema “Ah Mui,” sikio moja la paka liligeuka. Siew Geok alirudia, taratibu zaidi. Manis akateleza kutoka mikononi mwa Saodah, akaukanyaga unga tena kwa tumbo lake zito, akapanda kwenye kiti cha henzirani, na kuanza kukandakanda kwa miguu ya mbele kitu kilichokuwa kimelala pale: sweta la kijivu, limeisha viwiko, lina madoa ya kahawa.

“Nguo zake zote tulizichoma siku ya maziko,” Siew Geok alisema. “Hilo nililificha. Halijafuliwa.”

Saodah alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea sweta, kwa mazoea ya maisha yake yote. Akaurudisha.

Boon Teck alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba muda wote huo, nywele zimesimama. Alilitazama tumbo la paka, akanitazama mimi, na nadhani uso wangu ulimwambia kila kitu.

“Ni mimi,” alisema. “Niliwapigia simu siku ile ya kwanza, kuhusu paka wa chini, kabla Bi Saodah hajamchukua. Halafu mambo ya maziko yakanizidi, nikasahau kuwaambia yamekwisha. Wamekuja, nadhani wafagiaji wamewaelekeza juu. Bi Saodah, wallahi sikukutaja.” Aliapa kwa kiapo chetu, maskini, kwa kutaka aaminiwe.

Nilikuwa na maneno mengi tayari kwa ajili yake. Saodah alinitangulia.

“Asante kwa kusema,” alimwambia.

Boon Teck alipiga simu palepale, mbele yetu. Tulimsikia akieleza mara tatu, kwa sauti inayopanda. Mwisho akashusha simu. Faili likishafunguliwa, walimwambia, halifungwi mpaka afisa afike.

Siew Geok alikuwa bado anamtazama paka kitini. “Hiyo barua yao inasemaje? Isome, wewe uliyesoma.”

Nikamsomea. Ilitaja jina la Saodah, ghorofa, na namba ya mlango wake.

“Mlango wangu imeutaja?”

“Hapana. Lakini Mama Boon Teck, kanuni ni moja. Na wewe wanaweza kukuandikia.”

“Waandike. Nitasoma lini? Nimefiwa.” Akasimama, akajipangusa unga magotini. “Saodah, lete boksi lako.”

Ndivyo Manis alivyovuka korido. Siku kumi na tatu zilizofuata Saodah aliishi nyumba mbili. Asubuhi alipika wali na dagaa kwake, akavuka. Yeye na Siew Geok, ambao kwa miaka ishirini walikuwa wamesalimiana kwa kichwa tu, walikaa pamoja kulitazama boksi kama watu wanaotazama televisheni. Waligombana kuhusu jina. Waligombana kuhusu feni: mmoja alisema upepo utamuingia mja mzito mgongoni, mwingine alisema joto litamwua. Na ndani ya boksi, juu ya mashuka yenye makali ya karatasi, Siew Geok mwenyewe alilitandaza lile sweta.

“Una hakika?” Saodah alimuuliza. “Uzazi hauachi nguo salama. Mimi najua. Na doa lile, harufu ya mzee haitabaki.”

“Alimlisha miaka minne,” alijibu. “Acha amalizie kazi.”

Tarehe thelathini Julai, siku ya afisa, Manis aligoma kula. Saa tano asubuhi alianza kuhema na kukwangua sweta. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Daktari Prema alikuwa kwenye simu ya Saodah, sauti ikiwa juu kama kawaida. Siew Geok alikuwa ameleta pasi ya Saodah na meza yake, bila kuelezwa kwa nini; Saodah alimwambia tu, “Leo nitahitaji taulo za moto.”

Wa kwanza alitoka saa sita kasoro, ndani ya kifuko chake, na mama akamlamba mpaka akapiga kelele. Saodah alikuwa amepiga magoti, viganja vimefunika mdomo, machozi yanapita juu ya vidole. Wa pili alifuata upesi. Wa tatu alikuja baada ya muda mrefu, na alipokuja hakusogea. Mama alimlamba mara mbili, kisha, kwa uchovu au kwa uamuzi, akageuza kichwa.

“Daktari, hapumui,” nilisema.

“Msafisheni pua. Msugueni kwa kitambaa cha moto. Kwa nguvu, msimwogope.”

Saodah alichukua taulo kutoka chini ya pasi. Mikono iliyonyoosha mashuka ya wodi nzima kwa miaka thelathini na mmoja ilimfunga yule kiumbe, mdogo kuliko kiganja cha Boon Teck, ikamsugua mgongo, kifua, mgongo. Siew Geok alimpa taulo la pili lilipopoa la kwanza, na la tatu. Alikuwa akipiga pasi kwa mkono mmoja na kumwomba marehemu mumewe kwa lugha yake, kwa ukali, kama anayemkaripia kwa kuchelewa. Taulo la nne lilipokuwa mikononi mwa Saodah, ikatoka sauti ambayo mwanzoni niliidhani ni ya bawaba ya mlango. Kilikuwa kilio.

“Haya,” Saodah alisema. “Haya, mwanangu. Karibu.”

Wa nne alizaliwa saa nane bila matatizo. Saa tisa kamili kengele ya Saodah ikalia ng’ambo.

Afisa alikuwa kijana wa Kichina wa miaka thelathini hivi, shati limechomekwa vizuri, faili mkononi. Saodah alitoka kwa Siew Geok, mikono bado mibichi, akafungua geti lake na kumkaribisha. Nikasimama koridoni. Alitazama sebule, jikoni, bafu, stoo. Aliona mashuka yaliyokunjwa. Hakuona paka.

“Paka yuko wapi, mama?”

Saodah hajui kusema uongo. Nimemwona akimrudishia muuza mboga limau moja lililozidi.

“Hayuko kwangu, bwana. Asante kwa kuja na jua lote hili. Nikuletee maji?”

Palepale, ng’ambo ya korido, mmoja wa watoto akalia. Yule wa tatu, sina shaka, maana alikwisha kuonja kelele na akazipenda. Afisa aligeuka. Siew Geok alikuwa amesimama kwenye geti lake, kitambaa cha kufiwa kimepachikwa mkononi, nyuma yake picha ya mzee Quek na ubani unaowaka.

“Unatafuta kitu?” alimuuliza. “Ingia utazame. Nyumba ina msiba, lakini ingia tu.”

Kijana alipiga hatua, akaona kile kitambaa, akasimama kana kwamba sakafu imekatika.

“Samahani, mama. Siwezi kuingia. Nafunga ndoa Jumamosi hii.”

“Jumamosi hii!” Siew Geok alirudi nyuma hatua mbili, kwa hofu ya kweli. “Na umekuja kusimama mbele ya mfiwa? Mama’ko hajakufundisha? Rudi nyuma, rudi nyuma! Mbona haraka hivyo?”

“Tunawahi kabla mwezi wa mizimu haujaanza, maana mwezi huo hatuoi.”

“Vyema. Mmefanya vyema. Nenda kanawe uso kwa maji ya maua kabla hujamgusa mchumba wako.”

Mtoto akalia tena. Tulimsikia sote wanne. Afisa alilitazama faili lake muda mrefu kuliko mistari iliyokuwamo, kisha akaandika, akisema maneno kwa sauti jinsi alivyoyaandika: “Nyumba iliyotajwa. Mnyama hayupo.” Akaligeuza ili Saodah atie sahihi.

“Asante, bwana,” Saodah alimwambia. “Mungu awajalie watoto.”

“Wanne wanatosha?” nikasikia Siew Geok akisema nyuma ya geti, na yule kijana, namshukuru mpaka leo, akajifanya hajasikia na kubonyeza lifti.

Jioni Saodah alikusanya mashuka na magazeti. Lilipobaki sweta, limeloa, limebadilika rangi, Manis amelala juu yake na watoto wote wanne wamejipanga tumboni, alimtazama Siew Geok kumuuliza kwa macho.

“Usifue,” Siew Geok alisema.

Na yeye, safari hii, hakulifua.

Watoto watatu walikwenda kwa watu wenye nyumba zao, tuliowapata kupitia Daktari Prema. Mama yao na yule wa tatu walibaki, na kwa miaka sita waliishi kati ya mageti mawili, wakivuka korido alfajiri na jioni. Sehemu ya nne ya barua yangu ilikuwa imehoji kanuni ile ina manufaa gani. Sikujibiwa. Lakini sikuwa peke yangu niliyeuliza katika mji huu, na waliouliza kwa uvumilivu zaidi yangu wana shukrani zangu.

Tarehe mosi Septemba 2024 kanuni ilibadilika, nyumba za serikali zikaruhusiwa paka wawili kila moja, kwa kuandikishwa. Tarehe tano Septemba 2024, baada ya kumaliza somo la lazima la ufugaji kwenye simu yangu, Saodah binti Marzuki alimwandikisha paka wa kijivu mwenye mkia uliopinda, jina Manis, mlango wake. Siku hiyohiyo Siew Geok, mwenye miaka themanini, alimwandikisha mtoto wa Manis, yule wa tatu, jina Ah Mui, mlango wa ng’ambo.